Gia za ndani, difu, ovadraivu au giaboksi ya gia tano: gari lako la zamani linahitaji kipi?

Mtu akiniambia gia za gari lake la zamani hazimridhishi, namuuliza kwanza zinamkera wapi. Je, ni kwenye barabara ndefu, namba nne imeshaingia na injini bado inalia kama inayodai namba tano isiyokuwepo? Ni wakati wa kuondoka, hasa mlimani, ambapo klachi lazima iteleze mpaka harufu ipande? Au ni katikati, pale anapotoka namba tatu kuingia namba nne na injini inakata pumzi, akirudi tatu inapiga kelele, akipanda nne haivuti? Hayo ni malalamiko matatu, na kila moja lina mahali pake pa kutibiwa. La kwanza mara nyingi linataka ovadraivu (kasha la ziada nyuma ya giaboksi linalopunguza mizunguko ya injini) au giaboksi ya gia tano. La pili linataka kubadili difu, yaani gia za kwenye ekseli ya magurudumu. La tatu ndilo linaloweza kukulazimu kufungua giaboksi na kubadili gia zenyewe.

Nalisema hili mapema kwa sababu mimi nilianzia mwisho. Nilishusha giaboksi, nikazitoa gia zote, nikaweka seti ya gia zilizokaribiana, nikaifunga kwa uangalifu wote. Gari liliporudi barabarani lilikuwa na kelele ileile kwenye mwendo wa safari. Namba nne ilikuwa 1.00 kabla ya kazi, na baada ya kazi ikabaki 1.00. Hakuna fundi aliyekosea. Mimi sikuwa nimejiuliza kelele yangu inatoka kwenye gia ipi.

Hesabu kabla ya spana

Uwiano wa gia ni meno yakigawanywa kwa meno. Ukisikia namba moja ni 3.44, maana yake injini inazunguka mara 3.44 ili shafti inayotoka giaboksi izunguke mara moja. Difu nayo inazidisha tena: difu ya 3.909 ina maana propela (shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda difu) inazunguka karibu mara nne gurudumu likizunguka mara moja. Namba ikiwa kubwa gari lina mvuto lakini mwendo mdogo, na ikiwa ndogo lina mwendo lakini mvuto umepungua. Katika makala hii nitaita ya kwanza gia ya mvuto na ya pili gia ya mwendo, maana neno "kubwa" na "ndogo" huwachanganya watu: mmoja anataja namba iliyoandikwa kwenye kirungu, mwingine anataja uwiano.

Kujua injini itazunguka mara ngapi kwa dakika, chukua spidi kwa kilomita kwa saa, zidisha kwa 16.67, gawanya kwa mzingo wa tairi kwa mita, kisha zidisha kwa uwiano wa gia na uwiano wa difu. Mzingo wa tairi usiusome kwenye vipimo vya dukani. Weka tairi upepo wa kawaida, chora alama ya chaki kwenye tairi na kwenye sakafu palepale linapogusa, sukuma gari mpaka alama ya tairi irudi chini, chora tena, pima kati ya alama mbili. Gari liwe chini kwa uzito wake wote, lisiwe juu ya jeki, kwa sababu tairi lililobonyea linatembea pungufu kidogo.

Tuchukue MGB, gari dogo la spoti la Uingereza ambalo vipuri vyake na vipimo vyake vinajulikana mno. Giaboksi yake yenye sinkro (pete zinazosawazisha mwendo kabla gia haijaingia) kwenye gia zote nne ina 3.44, 2.167, 1.382 na 1.00, na difu ni 3.909. Tairi likiwa na mzingo wa mita 1.88, kwenye kilomita 100 kwa saa injini inazunguka karibu mara 3,465 kwa dakika. Kwa injini ya lita 1.8 iliyobuniwa zamani, hiyo ni kelele ya saa nzima masikioni.

Na kama hujui difu iliyomo ni ipi, usiamini maneno ya aliyekuuzia. Pandisha upande mmoja wa nyuma, gurudumu jingine libaki chini, tia gia huru, zungusha gurudumu lililo juu mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Ni mara mbili, si moja, kwa sababu difu ya kawaida gurudumu moja likisimama huligawia jingine mzunguko wote. Propela ikizunguka mara tatu na robo tatu hivi, una 3.7 au karibu na hapo. Weka vizuizi madhubuti kwenye magurudumu ya mbele, maana gari lenye gia huru halina kinachoshikilia.

Difu: inahamisha kila kitu kwa pamoja

Difu ndiyo njia nyepesi zaidi kuielewa. Ukiibadili, gia zote nne zinasogea kwa kiasi kilekile upande uleule. MGB yenye injini ya V8 ilitoka kiwandani na difu ya 3.07. Ukiiweka kwenye gari letu la lita 1.8, zile 3,465 zinashuka mpaka karibu 2,720. Safari inatulia ajabu. Lakini tazama upande wa pili: namba moja kwa jumla ilikuwa 3.44 mara 3.909, yaani 13.4, na sasa ni 10.6. Ile V8 ya lita tatu na nusu ilikuwa na nguvu ya kubeba hilo. Injini ndogo itakuomba uiteleze klachi kila ukiondoka mlimani, na namba nne utaitumia kwenye tambarare tu.

Kinyume chake nacho ni kweli. Gari lililopewa difu ya mwendo na mwenyewe wa zamani kwa ajili ya safari ndefu, sasa linatumika milimani au kubeba mzigo, linaponywa kwa difu ya mvuto bila kugusa giaboksi. Kwa injini za V8 za Kimarekani za miaka ya 1960, mafundi wengi hulenga namba moja mara difu iangukie karibu na 10 kwa gari la matumizi ya kila siku. Si sheria, ni kipimo cha kuanzia.

Difu isichoweza kufanya ni kugusa mapengo kati ya gia. Kama namba tatu na namba nne zimeachana sana, zitaendelea kuachana vilevile hata uweke difu ipi.

Kazi yenyewe ina adabu yake. Kraunwili na pinioni, yaani gia kubwa na ndogo za ndani ya difu, husagwa pamoja kiwandani wakiwa wawili, na hupigwa muhuri wa namba moja ili wasitenganishwe. Ile 3.909 ya MGB ni meno 43 kwa 11. Namba hizo mbili hazina kigawo cha pamoja, hivyo kila jino la pinioni hukutana na kila jino la kraunwili kwa zamu, na yote huchakaa sawa. Ukichukua pinioni ya gari moja na kraunwili ya jingine, hata meno yakiwa idadi ileile, umenunua mlio. Ukifunga, paka meno machache rangi ya kukagulia, zungusha huku mtu akizuia kidogo, halafu soma alama: ikikaa katikati ya jino ni sawa, ikikimbilia ncha pinioni iko mbali, ikizama kwenye mzizi pinioni imeingia sana. Unabadili shimu (vibati vyembamba vya kusogezea pinioni), unarudia. Mara nne au tano si aibu.

Na mshale wa spidi utadanganya. Kebo yake kwenye magari mengi inaanzia mkiani mwa giaboksi, kabla ya difu. Ukitoka 3.909 kwenda 3.07, mshale ukisoma 79 wewe uko kwenye 100. Unadanganywa upande wa hatari, kwa hiyo gia ndogo ya kebo ibadilishwe siku ileile, au mita ipelekwe kwa mtu wa kuirekebisha.

Gia za ndani: mahali ambapo watu wanaambiwa nusu ya habari

Hapa ndipo nataka tukae. Kila anayeuza seti ya gia atakuambia kuna "zilizokaribiana" na "zilizoachana", na kwamba zilizokaribiana ni za spoti. Tuzitazame kwa namba. Muncie ni giaboksi ya gia nne iliyofungwa kwenye magari ya General Motors kuanzia 1963 hadi 1974. Ilikuwa na toleo la M20 na toleo la M21. Safu tatu za mwisho ni mizunguko ambayo injini inaangukia ukibadili gia ikiwa kwenye 6,000.

| | M20 | M21 |
|---|---|---|
| Namba moja | 2.52 | 2.20 |
| Namba mbili | 1.88 | 1.64 |
| Namba tatu | 1.46 | 1.28 |
| Namba nne | 1.00 | 1.00 |
| Moja kwenda mbili | 4,480 | 4,470 |
| Mbili kwenda tatu | 4,660 | 4,680 |
| Tatu kwenda nne | 4,110 | 4,690 |

Umeona? Kati ya moja na mbili hakuna tofauti yoyote. Kati ya mbili na tatu, hakuna. Tofauti yote ya kukaribiana imekaa kwenye hatua moja tu, tatu kwenda nne. Gawanya 2.52 kwa 2.20, kisha 1.88 kwa 1.64, kisha 1.46 kwa 1.28: kila mara unapata karibu 1.14. Gia tatu za chini zimehamishwa kwa pamoja kuelekea mwendo, na namba nne imebaki ilipokuwa.

Sababu iko kwenye umbo la giaboksi ya namna hii. Shafti ya kuingilia ina gia inayoshika shafti ya chini, na ni hiyo shafti ya chini inayogawa nguvu kwa namba moja, mbili na tatu. Namba nne haipiti huko. Inaunganisha shafti ya kuingilia na shafti kuu moja kwa moja, ndiyo maana ni 1.00. Ukibadili ile jozi ya kwanza ya kuingilia, umezigusa gia tatu zote kwa kiasi kimoja na namba nne hukuigusa. Kwa hiyo gia ya kuingilia na shafti ya chini hununuliwa pamoja, na mtu akikuuzia moja bila nyingine amekuuzia chuma.

Toploader, giaboksi ya gia nne ya Ford, ni habari nyingine. Iliyoachana ina 2.78, 1.93, 1.36 na 1.00, iliyokaribiana ina 2.32, 1.69, 1.29 na 1.00. Kutoka 6,000, ya kwanza inaangukia 4,170, 4,230 na 4,410. Ya pili 4,370, 4,580 na 4,650. Hapa mapengo yamepunguzwa kwenye kila hatua. Majina yale yale mawili, "zilizokaribiana" na "zilizoachana", yanabeba mambo tofauti kwenye giaboksi mbili za zama zilezile. Hii ndiyo sababu nasisitiza kuandika namba kwenye karatasi kabla ya kutoa fedha.

Sasa lipa gharama yake. Namba moja ya 2.20 ni ya mwendo zaidi kuliko 2.52, kwa hiyo kuondoka kunakuwa kugumu. Gari lenye M20 na difu ya 3.36 likihamia M21, ili liondoke kama zamani linahitaji difu ya karibu 3.85. Wengi huishia 4.11, na kwa tairi la mzingo wa mita 2.08, kilomita 100 kwa saa zinatoka mizunguko 2,690 hadi 3,290. Umefunga gia za spoti, na safari yako imekuwa ya kelele zaidi. Anayeshindana kwenye mzunguko wa mashindano hajali, kwa sababu hashuki chini ya namba mbili wala hakai saa nzima kwenye mwendo mmoja. Wewe unayekwenda nalo harusini utajali.

Nani basi anazihitaji kweli? Ni mwenye injini iliyotiwa kamshafti kali (shafti ya kufungulia vali, iliyochongwa kwa ajili ya mizunguko ya juu), inayovuta kwenye ukanda mwembamba. Chukua injini inayoamka kwenye 4,000 na kuishia 6,500. Gawanya 4,000 kwa 6,500, unapata 0.62. Kila hatua ya gia zako, yaani uwiano wa gia ya juu kugawanywa kwa uwiano wa gia ya chini yake, isipungue hapo. Ikipungua, injini inaanguka nje ya ukanda wake na unasubiri iamke upya. Injini kubwa ya V8 isiyoguswa, inayovuta vizuri tangu 1,500, haina pengo la kuogopa. Kuiwekea gia zilizokaribiana ni kuipa dawa injini isiyougua.

Neno moja kuhusu meno yaliyonyooka, maana huuzwa kwa sifa. Gia za barabarani zina meno ya mshazari kwa sababu jino linaingia taratibu na kelele inapungua, lakini mshazari huo unasukuma shafti kwa mbele na nyuma. Meno yaliyonyooka hayasukumi, hubeba nguvu nyingi, na hulia. M22, ndugu wa M21 mwenye uwiano uleule, alipewa mshazari mdogo kwa sababu hiyo, na mlio wake ndio uliompa lakabu ya mvunja mawe. Meno yaliyonyooka hayana uhusiano na kukaribiana kwa gia. Unaweza kupata moja bila lingine.

Ovadraivu na gia tano: kwa nini zinalingana kuliko unavyodhani

Kwa lalamiko la kelele ya safari, ushindani halisi uko kati ya hizi mbili. Ovadraivu ya Laycock ni kasha linalofungwa nyuma ya giaboksi, lenye gia za sayari ndani yake na klachi ya koni inayosukumwa kwa shinikizo la mafuta. Unabonyeza swichi, na uwiano unashuka mpaka 0.82 kwenye MGB. Zile 3,465 zinakuwa 2,840.

Giaboksi ya gia tano inayopendwa kwa magari madogo ya Uingereza ni Ford Type 9, na ya toleo la silinda nne ina 3.65, 1.97, 1.37, 1.00 na 0.82. Angalia namba tano yake, kisha angalia ovadraivu. Ni ileile. Kwenye barabara ndefu, masikio yako hayatajua ipi imefungwa. Kwa hiyo uamuzi utoke kwingine.

Utoke, kwanza, kwenye namba moja na mbili. Type 9 ikitoka 3.65 kwenda 1.97, hatua ni 0.54. Ukibadili kwenye 5,500 injini inaangukia karibu 2,970. Giaboksi ya asili ya MGB hatua hiyo ni 0.63, na injini inaangukia 3,465. Na 3.65 mara 3.909 ni 14.3, gia ya mvuto kupita kiasi kwa gari jepesi: unaondoka, unapumua mara moja, tayari unataka mbili, na mbili iko mbali. Watengenezaji wa seti za gia wanauza namba moja ya mwendo zaidi kwa ajili ya Type 9, na ikiwa unakwenda njia hiyo, hii ndiyo mara ambayo kubadili gia za ndani kunaleta faida ya kila siku. Ifanye giaboksi ikiwa bado mezani.

Utoke, pili, kwenye kitu ambacho watu hukisahau: ovadraivu iliyounganishwa na namba tatu inakupa 1.382 mara 0.82, yaani 1.13. Hiyo imekaa kati ya tatu na nne. Lile lalamiko la tatu, nne haivuti na tatu inapiga kelele, limetibiwa bila kufungua jino hata moja. Kwangu hilo peke yake linaipa ovadraivu ushindi kwa gari ambalo liliwahi kuuzwa nayo, kwa sababu kila kipuri kinaingia mahali pake pa asili na hakuna chuma kinachokatwa.

Inayo udhaifu wake. Nyaya na swichi za zamani ndizo humaliza uvumilivu wa watu, na mafuta machafu huziba vijitundu. Zaidi ya yote, usirudi nyuma ovadraivu ikiwa imeshika; inaharibika ndani. Swichi ya kwenye giaboksi inayoizima ukitoka gia za juu ipimwe kwanza, kabla ya kufurahia kitu kingine chochote.

Gia tano inashinda pale giaboksi ya asili imechoka na vipuri vyake ni vya kuwinda, au injini imeongezwa nguvu kuliko ile giaboksi ilivyoweza kubeba. Lakini hesabu vyote: kasha la klachi au bamba la kuunganishia, sahani ya klachi yenye meno yanayolingana na shafti mpya, nguzo ya chini ya kubebea giaboksi, propela kukatwa na kubalansiwa upya, kebo ya mita, na mahali kirungu kitakapotokea sakafuni. Giaboksi yenyewe mara nyingi ndiyo sehemu nyepesi ya kazi.

Kwa V8 za Kimarekani, giaboksi ya gia tano iitwayo T5 hufungwa sana, na toleo la Mustang lina namba moja 3.35 na namba tano 0.68. Hapa onyo ni la upande mwingine. Ukiiweka na difu ya 3.31 na tairi la mita 2.08, kilomita 100 kwa saa ni mizunguko 1,800 tu. Injini ya asili itafurahi. Injini yenye kamshafti kali itatikisika na kukohoa, na hutatumia namba tano mpaka upite spidi zote za kisheria. Difu ya 3.73 ndiyo mwenzake, kwani 0.68 mara 3.73 ni 2.54, na mizunguko inapanda mpaka karibu 2,030.

Nissan walionyesha jambo hili kwa uzuri kwenye Datsun 240Z. Yaliyokwenda Marekani yalikuwa na gia nne, namba moja 3.549, na difu ya 3.364. Masoko mengine yalipata gia tano, namba moja 2.957 na namba tano 0.852, na difu ya 3.90. Zidisha: namba moja kwa jumla ni 11.9 na 11.5. Gia ya juu kabisa ni 3.36 na 3.32. Mwanzo na mwisho ni karibu sawa. Mmoja anapanda kwa hatua nne, mwingine kwa tano. Mnunuzi anayetoa gia nne na kuweka ile ya tano bila kubadili difu anapata namba moja ya 9.9 na namba tano ya 2.87, gari zito kuondoka lenye gia ya juu isiyovuta, halafu anailaumu giaboksi.

Mwenye Land Rover Series naye ana chaguo la namna hii, lenye jambo la ziada. Difu zake ni 4.7, na nyingi huwekewa za 3.54 kutoka Range Rover. Barabarani ni raha, lakini gia za chini za kupandia mawe nazo zinapoteza robo ya mvuto wake, na mteremkoni injini inazuia gari pungufu kuliko zamani, breki zile za ngoma zikibaki na kazi yote. Anayetumia gari porini aweke ovadraivu, aizime akiingia njia mbaya. Aliyeacha porini aweke difu, mbele na nyuma zote mbili ziwe sawa.

Matairi sitayachelewesha. Tairi kubwa zaidi kwa asilimia tano ni kama difu ya mwendo zaidi kwa asilimia tano, pamoja na kugusa bodi, usukani mzito na mita inayodanganya. Linafaa kama jaribio kabla ya kununua difu, mradi umeazima.

Ukiamua kufungua giaboksi

Kwenye shafti ya chini ya giaboksi nyingi za zamani kuna vipini vya chuma vya beringi, vyembamba kama njiti, vilivyopangwa kwa mduara ndani ya gia. Ukichomoa shafti bila kujiandaa vinamwagika vyote chini ya kasha, na kimoja ukikisahau kitapita kati ya meno siku ya kwanza. Chonga kijiti cha duara chenye urefu wa ile gia na unene wa shafti, kisukume shafti ikitoka ili kiishike nafasi yake. Wakati wa kurudisha, bandika vipini kwa grisi nzito, kimoja baada ya kingine, na uvihesabu kwa sauti. Shafti yenyewe ipitishe kucha: ukihisi vishimo pale vipini vilipokuwa vikikimbia, usiirudishe, hata ikiwa inang'aa.

Sinkro zipimwe mezani. Bonyeza pete juu ya koni yake kwa vidole, pima nafasi iliyobaki kati ya meno ya pete na meno ya gia kwa filagauji (vibati vya kupimia nafasi), linganisha na kitabu cha gari hilo. Pete iliyozama mpaka nafasi ikakaribia kuisha haitazuia tena, na gia mpya zitagonga kama za zamani. Ukiweka gia zilizokaribiana sinkro zitafanya kazi vizuri zaidi kidogo, maana tofauti ya mwendo inayopaswa kusawazishwa imepungua, lakini hilo halifufui pete iliyokufa.

Kisha mafuta. Mafuta ya GL-5 yametengenezwa kwa ajili ya kraunwili na pinioni, na mengi yana dawa inayokula pete za shaba. Kwenye giaboksi ya zamani yenye sinkro za shaba weka yale yaliyotajwa na kiwanda: MGB inataka mafuta ya injini, T5 ya toleo la baadaye inataka mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Difu iwe na yake, giaboksi iwe na yake, na chupa zisichanganywe rafu moja.

Ukimaliza, kabla ya kupandisha giaboksi, ingiza kila gia kwa mkono na uhesabu mizunguko ya shafti ya kuingilia dhidi ya ile ya kutokea. Kwa M21, zungusha ya kutokea mara tano ukiwa namba moja; ya kuingilia ipite mara kumi na moja kamili. Ikipita kumi na mbili na nusu hivi, gia zilizomo ni za M20, na bado una nafasi ya kumpigia simu aliyekuuzia ukiwa na giaboksi mezani.

Gia ulizotoa zipake mafuta, zifunge kwa karatasi ngumu, andika juu yake namba ya chesisi, idadi ya meno ya kila moja na upande uliokuwa ukitazama mbele, na uziweke pamoja na difu ya asili kama uliitoa. Atakayelinunua gari hilo baada yako huenda akataka kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani, na hataweza kuzipata kwingine.